Nimeombwa nikalie kiti cha watoto wa wenyewe

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Winnipeg, Manitoba. Ni saa sita usiku, nje baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, na mume wangu ameshalala. Nimepewa wiki mbili za kujibu barua ya kuombwa nikaimu ukurugenzi kazini, na siku sita zimeshakwenda.

Mimi ni Mkongomani wa Uvira, ila nimekulia Nyarugusu, kule kambini Kasulu. Safari ya Kanada ilitutokea nikiwa na miaka 22. Nikasoma uhasibu mchana, usiku nafagia maofisi ya watu, hatimaye nikaajiriwa karani wa malipo katika shirika la huduma za watoto na familia la Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa hapa. Shirika ni lao wenyewe. Wajumbe wa bodi wanateuliwa na machifu wa mataifa manne, na kazi yenyewe ni ile ambayo Kigoma tungeiita ustawi wa jamii, ila hii ina nguvu ya sheria ya kumtoa mtoto kwao akionekana yuko hatarini. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nimepanda mpaka kuwa mkuu wa fedha na utawala.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu aliugua, akaacha kazi. Bodi ikaniita, ikaniomba nikaimu kwa mwaka mmoja "au mpaka tutakapoona vinginevyo". Wananiamini kwa kuwa hesabu zangu mkaguzi hajawahi kuzirudisha. Mshahara unapanda vizuri tu. Sasa sikiliza yanayoninyima usingizi.

Kuna bibi mmoja katika wazee wanaolishauri shirika. Kila mtu anamwita kookum, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Siku bodi ilipotangaza jina langu tulikaa wote kwa duara, wakafukiza majani makavu kama Waswahili wanavyofukiza udi, na unyoya wa tai ukawa unapita mkono kwa mkono. Aliyeushika ndiye mwenye zamu ya kusema. Ulipomfikia alikaa nao kimya mpaka nikasikia mashine ya kupasha joto ikiwaka na kuzima. Kisha akasema: "Wewe ni mtu mwema. Lakini tangu nikiwa mtoto, kila aliyeamua habari za watoto wetu alitoka mahali pengine. Na wewe unatoka mahali pengine." Akampa wa pembeni yake unyoya. Basi. Kikao kilipokwisha akaniletea bannock, ule mkate wao, umefungwa kwa karatasi ya foili kama kila Jumatano. Sikujua nile au nilie.

Halafu kuna naibu. Ni dada wa taifa mojawapo kati ya hayo manne, ana miaka 19 kazini, na kila familia anaijua mpaka kwa babu. Yeye mwenyewe alichukuliwa akiwa na miaka mitatu, akalelewa na wazungu mkoa mwingine, akarudi kwao mtu mzima hajui hata salamu ya lugha yake. Shahada hana, kwa hiyo bodi ilimruka. Hajanitolea neno baya hata moja. Ila zamani kila asubuhi alikuwa anapitia mlangoni kwangu na vikombe viwili vya kahawa. Siku hizi ananitumia barua pepe, na chumba chake kiko hatua tatu kutoka changu.

Juzi usiku mjumbe mmoja wa bodi akanipigia simu, hata barua sijajibu. Watoto wa mpwa wake wako kwenye uangalizi wetu. Anataka faili lao "liangaliwe vizuri".

Kanisani nako, kanisa letu la Wakongo na Warundi, mama mmoja alisema mbele ya watu: "Kumbe sasa wewe ndiye utakuwa mkubwa wa wanaonyang'anya watu watoto!" Mwenzake akacheka, akasema si neno, ni watoto wa wale wenyeji walevi tu, siyo wetu. Nilinyamaza. Mpaka leo nikikumbuka kunyamaza kwangu naona haya. Na rafiki yangu ananishauri niwaambie wazee kwamba hata mimi ni mtu wa asili, Mwafrika, sote tulitawaliwa, sote ni wamoja.

La mwisho wala si swali. Mwaka wangu wa tatu kazini, siku chache kabla ya Noeli, nilichelewa ofisini nafunga vitabu. Afisa mmoja akaingia na mtoto wa kiume wa kama miaka saba. Alikuwa anahamishwa kutoka kwa mlezi mmoja kwenda kwa mwingine, wanasubiri gari. Akakalishwa kwenye korido, pembeni yake mfuko mweusi wa taka. Nguo zake ndizo zilizokuwa mle. Mfuko ulikuwa umechanika chini, mkono wa pajama yenye picha za dinosaria unaning'inia nje, na yeye ameweka kiganja juu ya ule mchaniko ili watu tusione. Mama, mimi nilipotoka Nyarugusu nilikumbatia ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye karatasi zetu, ndege mpaka ndege, sikuuachia hata nilipokwenda chooni. Nilimwelewa yule mtoto. Nikaingia ofisini, nikatoka na selotepu, nikaziba pale. Selotepu! Nikarudi kufunga vitabu.

Mama yangu yuko Kigoma bado. Anasema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na mimi nimepewa, nilime. Mume wangu anauliza nyumba italipwa na nani nikikataa. Nikubali?

Ni mimi, Karani wa Barafuni


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii miaka 26, Tanga na Morogoro, kisha nikafanya misimu saba ya baridi kwenye kituo cha familia huko Ontario kabla magoti hayajagoma. Ofisi yako siijui, lakini korido hiyo naijua.

Nikupe jibu kabla maneno hayajawa mengi: kubali, ila usikubali barua hiyo waliyokuandikia. Hayo maneno "mpaka tutakapoona vinginevyo" ndiyo ya kuyakataa. Kaimu asiye na tarehe ya kuondoka ni mkurugenzi aliyeingilia dirishani.

Tuanze na kookum, maana wengi wangekwambia bibi amekutukana. Hakukutukana. Wasomaji wangu wa Dar na Mombasa hawana hii habari, kwa hiyo nivumilie niwaeleze kidogo. Kuanzia karne ya 19 mpaka miaka ya 1990, serikali ya Kanada iliwachukua watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji wa asili ikawatia katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa, mtoto asahau lugha, asahau jina, asahau kwao. Kabla shule hizo hazijafungwa zote, kuanzia miaka ya 1960 wakaingia maofisa ustawi wa mikoa. Hao walichukua watoto kwa maelfu na kuwagawa kwa familia za kizungu, wengine wakavushwa mpaka Marekani. Hapo kwenu Manitoba alikuwapo jaji, Edwin Kimelman, aliyepewa kazi ya kulichunguza jambo hilo. Mwaka 1985 aliandika bila kupepesa kwamba ni mauaji ya utamaduni. Na leo? Sensa ya 2021 ilikuta kwamba watoto wa wenyeji wa asili ni asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya walio katika malezi ya kambo, yaani waliowekwa kwa walezi wengine. Manitoba ni kama tisa kati ya kila kumi.

Sasa lisikilize tena neno la bibi. Alianza na "wewe ni mtu mwema". Wewe umelichukua kama sukari ya kutangulizia dawa chungu. Mimi naona dawa ni hilo lenyewe. Masista wa zile shule waliitwa watu wema. Maofisa wenye mafaili waliitwa watu wema, na wengi walikuwa hivyo kweli, wanarudi kwao jioni wanabusu watoto wao. Bibi ameona watu wema wa kutosha. Wema wako kwake hautoshi kuwa dhamana, na ana haki.

Lakini bannock alileta. Kula, mwanangu.

Kisha umwendee. Huendi kwa mzee mikono mitupu, hilo hata Uvira mnalijua. Kwao ni tumbaku. Usikurupuke kununua ukampelekea. Muulize mtu wa taifa lake inatolewaje, maana mataifa manne si lazima yawe na desturi moja, na hakuna aibu kuuliza. Na ukishakaa mbele yake, usimwulize kama ukubali kazi. Huo utakuwa unambebesha mzee furushi lako. Muulize hivi: nikikaa kwenye kiti hiki, ni maamuzi gani yasipite mikononi mwangu? Mwache ajibu hata ikimchukua saa mbili. Atakachosema ndicho kiandikwe kwenye mkataba wako.

Na hilo la rafiki yako la "hata mimi ni wa asili", liache hapo hapo kwa rafiki yako. Ndiyo, tumetawaliwa. Lakini bendera ya Mbelgiji ilishushwa kwenu 1960 na ya Mwingereza kwetu Tanganyika 1961. Kwao mtawala hakufungasha. Winnipeg yako imekaa juu ya ardhi ya Mkataba Namba 1 wa mwaka 1871 kati ya wenyeji na serikali, na mpaka leo mtu wa mataifa hayo analipwa dola 5 kwa mwaka kwa mkataba ule, kiwango kilekile cha tangu 1875. Dola tano! Sisi tumekuja kuomba hifadhi kwa serikali ambayo wao bado wanashitakiana nayo, tukapewa hifadhi hiyo juu ya ardhi yao. Hiyo haitufanyi wezi, inatufanya wageni. Hata kiapo cha uraia cha huko, tangu 2021, kinataja haki za wenyeji wa asili na za mikataba yao. Wengi wetu tunakisoma mbio mbio tukiwazia picha na keki.

Mama yako amesema vizuri kuhusu jembe. Mpe salamu zangu, halafu umwambie jembe umepewa, shamba si lako.

Nije kwa naibu, maana hapa ndipo barua yako inaponiuma. Umemwandikia mistari michache tu, na mimi nadhani yeye ndiye barua yote. Mtu aliyeng'olewa na mfumo akiwa na miaka mitatu, akarudi, akajifunza upya salamu za kwao, akakaa miaka 19 akijaribu kuwarudisha wengine. Halafu shirika linalosema lipo ili wenyeji wawatunze watoto wao wenyewe likamruka kwa sababu ya karatasi, likampa kiti mtu wa hesabu kutoka Uvira. Si kosa lako. Lakini ukikaa kimya linageuka kuwa lako.

Nenda kwake kabla hujarudi kwa bodi. Usitume barua pepe. Safari hii kahawa mbili beba wewe. Mwambie wazi kwamba walimruka, kwamba unajua, na kwamba hujajibu barua kwa sababu hiyo. Kisha mwonyeshe ulichofikiria. Mimi ningefikiria hivi: miezi kumi na minane, tarehe ya mwisho imeandikwa. Katika muda huo kila uamuzi unaomhusu mtoto, yaani atoke, aende kwa nani, arudi lini, unaishia kwake na wazee, si kwako. Wewe unabaki na pesa, majengo, ripoti za serikali na kuandamwa na waandishi wa habari. Fungu la kumlipia masomo liwekwe kama anayataka, na sharti la kazi liandikwe upya ili miaka ya utumishi na lugha ya taifa viwe na uzito wa shahada. Bodi inaweza kufanya hivyo. Shahada haikuandikwa mbinguni. Siku ya mwisho nafasi itangazwe, na wewe usiombe.

Inawezekana akakwambia hataki kiti. Wapo watu wa kazi ambao kiti hicho kinawatoa kwa watoto, wakijua hivyo wanakataa, na umwamini. Muulize basi ni nani. Inawezekana pia akakwambia uondoke chumbani mwake. Kahawa uiache mezani, uende ukaiandikie bodi kwamba hukubali. Najua nyumba ina mkopo. Lakini shirika la namna hii haliongozwi na mtu ambaye naibu wake hawezi kumtazama usoni, wala kukaimu hakuwezekani hapo.

Kuna jambo bodi haikukwambia, au ilikwambia hukulipa uzito. Tangu Januari 2020 Kanada ina sheria ya taifa zima inayoyatambua mataifa haya kuwa na mamlaka ya kutunga sheria zao za watoto. Mkoa wa Québec uliipinga mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 9 Februari 2024 majaji wakaikubali sheria yote. Taifa la Cowessess, huko mkoa wa Saskatchewan, walishatiliana saini na serikali mwaka 2021. Taifa la Peguis, hapo hapo mkoani kwenu, sheria yao ilianza kazi Januari 2022. Sasa machifu wako wanne wako wapi katika safari hiyo? Uliza kwenye kikao cha kwanza kabisa. Inawezekana shirika unalokabidhiwa liko njiani kuvunjwa na kazi yake kuchukuliwa na mataifa yenyewe, kila moja kivyake. Hapo hutakuwa nahodha, utakuwa mtu wa kushusha mizigo bandarini bila kuvunja sahani. Mhasibu mzuri kwa kazi hiyo ni bora kuliko mhubiri.

Na ndipo ninapotaka uache kujidharau kwa sababu wewe ni "mtu wa hesabu tu". Fikiria dhuluma hii ilivyofanya kazi. Kwa miaka na miaka serikali kuu ililipa gharama halisi za mtoto aliyeondolewa kwao, lakini pesa za kuisaidia familia kabla mambo hayajaharibika zilikuwa kiduchu. Maana yake ni kwamba kumlisha mtoto ilikuwa rahisi zaidi akishaondolewa. Cindy Blackstock, mama wa watu wa Gitxsan, aliipeleka Kanada mashtakani mwaka 2007, yeye na umoja wa machifu, na Januari 2016 baraza la mashauri ya haki za binadamu likasema ni ubaguzi. Mwaka 2019 likaamuru fidia ya dola 40,000 kwa kila mtoto aliyeonewa. Uchungu peke yake haukushinda kesi ile. Zilishinda karatasi zenye safu za tarakimu, kama unazofunga wewe usiku. Manitoba nako, serikali ya mkoa ilikuwa inazikomba kutoka kwa mashirika posho ambazo serikali kuu ya Ottawa iliwatumia watoto walio katika uangalizi, mwaka baada ya mwaka kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mpaka 2019. Kesi iliishia 2024 kwa maridhiano ya dola milioni 530. Kuna karani mahali aliyeona zile pesa zinatoka.

Wewe umetia saini hundi ya mlezi wa kambo, na umetia saini ya maziwa na pampasi. Ziweke pamoja uzilinganishe. Mwezi mmoja wa watoto watatu waliotawanywa katika nyumba tatu, na mwezi mmoja wa kodi, friji na shangazi yao anayelipwa kuja kulala nao. Sheria ile ya 2020 inakataza mtoto kuondolewa kwa sababu ya umaskini tu au nyumba mbovu. Lakini afisa aliye peke yake saa tano usiku, asiye na fungu la kulipia hita, atafanya nini? Atamwondoa, na kwenye faili ataandika neno lingine. Mpe fungu. Ulizia pia wanavyofanya taifa la Nisichawayasihk, huko Nelson House, kaskazini mwa mkoa wenu. Tangu 2002 wao mara nyingi wanawatoa wazazi, watoto wanabaki kitandani kwao na ndugu anahamia hapo. Mzazi ndiye anayefungasha. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha peke yangu jikoni, maana Handeni nimewahi kuona ukoo ukifanya hivyo bila sheria wala semina: baba mlevi kapelekwa kwa kaka yake, mama mdogo kaja na mkeka.

Ila usinielewe vibaya, na wala usilewe na neno kinga, yaani kuisaidia familia mapema ili mtoto asiondolewe. Mkoani kwenu kuna mtoto aliyeitwa Phoenix Sinclair, wa miaka mitano, aliyeuawa nyumbani 2005 baada ya faili lake kufunguliwa na kufungwa tena na tena. Yuko Tina Fontaine, wa miaka 15, aliyefariki Agosti 2014 akiwa chini ya uangalizi, baada ya kuwekwa hotelini kwa kukosa pa kuwekwa. Mwaka uliofuata mkoa ukapiga marufuku hoteli kwa watoto. Mmoja aliachwa bila macho ya kumtazama, mwingine alichukuliwa bila nyumba ya kumpeleka. Kwa hiyo fungu la kodi na friji liende pamoja na fungu la mafuta ya gari la afisa. Ukibana matumizi, usibanie hapo. Wenzako wa hesabu hupenda kuanzia hapo kwa sababu safari hazipigi kelele.

Mjumbe wa simu ya usiku hanisumbui sana. Andika leo: tarehe, saa, alichosema. Nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Kisha kesho mchana mpigie wewe, kwa heshima zote, umwambie kwamba akiwa mjomba wa baba yao ana haki ya kuja kwenye kikao cha familia, akae kwenye duara na wengine, aseme aliyonayo, na huenda hata akawachukua watoto akae nao, maana sheria inawatanguliza ndugu. Akiwa mjumbe wa bodi, hapana. Kwenye jamii ndogo kila mtu ni ndugu wa mtu, usijidai huoni. Mwonyeshe tu mlango ulipo.

Kanisani. Mama wa kwanza ana hofu, na hofu yake si ya bure. Familia zetu nazo zina mafaili huko, wengine kwa fimbo, wengine kwa mtoto wa miaka tisa kuachiwa wadogo zake wakati mama yuko zamu ya usiku. Kaa naye, mweleze sheria inasema nini, itamfaa kuliko kukasirika. Yule wa "walevi" ni habari nyingine. Rudi kwake. Usimhutubie. Mkumbushe tu watu walivyokuwa wakisema "wale wa kambini" mkipita, kana kwamba wizi wote wa wilaya ulitoka Nyarugusu. Anakumbuka. Wote mnakumbuka.

Mume wako ana hoja, usimwone mtu wa tamaa. Ndiyo maana kabla ya saini yoyote dai iandikwe kwamba tarehe ikifika unarudi kwenye meza yako ya fedha, na mshahara wako wa sasa. Bila hiyo, mwezi wa kumi na saba utaanza kuona sababu nzuri sana kwa nini naibu bado hajaiva. Nimewaona watu wazima, wacha Mungu, wakiziona sababu hizo, na kila mara kulikuwa na mkopo nyuma ya pazia.

Kuhusu yule mtoto wa korido. Ulifanya ulichoweza kufanya ukiwa karani, na mimi ningefanya hivyohivyo, pengine hata selotepu nisingeikumbuka. Sasa mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Aprili na kalamu ni yako. Weka mstari mmoja: mabegi ya watoto, yenye magurudumu na zipu nzima, rangi tofauti tofauti ili mtoto achague mwenyewe, na mahali pa kuandika jina. Yakae kwenye kabati la korido ileile, ufunguo awe nao naibu. Mifuko ya taka ibaki jikoni.

Agiza machache.

Mama Mshauri